Siku Niliyomfungua Kahene

Editha mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuruhusu kuondoka kabla hujala mara mbili. Basi nina muda wa kuandika kabla giza halijaingia. Nimekaa kibarazani, daftari liko gotini. Kahene yuko uani mbele yangu, ameoshwa mpaka magurudumu, uso umeelekea njiani, na kuku wawili wamelala chini yake kwa raha zao. Hakuna aliyewaambia kwamba kesho anaondoka nawe.

Mambo ya oili, maji na upepo siyaandiki. Hayo unayajua, tena wiki iliyopita ulinisahihisha mbele ya fundi, na haki ilikuwa yako. Wala siandiki jinsi ya kuishi na watu kazini. Hilo mama yako ameanza kukueleza tangu Jumatatu na nadhani bado hajamaliza. Ninataka kukueleza jambo moja nililokuficha tangu ulipokuwa darasa la tano. Mwezi huu nimejaribu mara tatu kukwambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama breki zinashika.

Ili unielewe lazima nianze na ugonjwa wangu, ule wa kuuliza. Shuleni watoto waliniita Mwalimu Kwa Nini, wakidhani sisikii. Wakimbizi wa Rwanda walipojaa Benako, niliomba likizo shuleni nikaenda kuwa mkalimani wa mhandisi mmoja wa maji, mzungu mrefu mwenye subira. Yeye akisema sentensi moja, mimi nilitafsiri, kisha nikaongeza maswali yangu mawili. Watu wakamwona mzungu yule ni mdadisi kupita kiasi. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, mbona mimi nimesema maneno manne na wewe umesema arobaini?" Nikamwambia Kinyarwanda ni lugha ndefu.

Wanyarwanda waliporudi kwao ofisi nyingi zilifunga virago, na mhandisi naye akaondoka. Aliacha kijipu chake kidogo ambacho hakuna aliyekitaka, kwa sababu kilipoanza kukimbia kilitoa mlio tumboni, mee, mee, mpaka upunguze mwendo. Wenzangu walikimbia mlio ule. Mimi nilikinunua kwa sababu ya mlio. Nilitaka kujua kinalia nini. Siku nilipokifikisha hapa Keza, mama yako alisimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Umetuletea kahene, kambuzi kadogo," na jina likabaki.

Sasa cheka kidogo kabla hatujafika mbali. Kahene ana kile kifimbo cha pili karibu na gia. Ukikivuta, kijitaa kinawaka, na mimi niliamini kwamba taa ikiwaka basi miguu yote minne inavuta. Karibu mwaka mzima niliishi hivyo. Tukifika kwenye tope la bondeni, navuta kifimbo, taa inawaka, natangaza kwa sauti, "Sasa minne inavuta!" Kisha tunazama. Watu wanashuka, wanasukuma, wanapakwa tope mpaka kwenye kope, tunatoka. Na mimi, mwanangu, nilikuwa naisifia ile minne. Wasukumaji nilikuwa nawaambia asante kwa kuchungulia dirishani.

Aliyenifumbua macho ni Silveri, Mrundi wa kambi ya Lukole. Wewe ulimwona mara moja ukiwa mkubwa, lakini wakati huo alikuwa bado kijana, kwao alikuwa fundi wa malori, na kambini alikuwa anatengeneza baiskeli chini ya turubai sokoni. Hakuruhusiwa kutoka bila kibali, kwa hiyo mgonjwa ndiye aliyemfuata daktari. Aliinama kwenye gurudumu la mbele, akashika ile duara ya katikati.

"Mwalimu, hapa ulikuwa unafunga?"

"Nafunga nini?"

Akaizungusha kwa vidole, tak. Akaenda upande wa pili, tak. Akaniuliza tena kwa upole kama anayemuuliza mtoto, "Ukivuta kifimbo bila kushuka kufunga hapa, unadhani mguu wa mbele unasikia?" Nilipomwambia ni mwaka mzima, alicheka mpaka akatafuta tairi la kukalia. Nami nilicheka, nikaandika daftarini. Ndiyo maana mpaka leo nikifika kwenye mlima nashuka na kugusa magurudumu ya mbele. Ulipokuwa mdogo ulimwambia mama yako kwamba baba anayabariki.

Kuhusu mlio, Silveri alisikiliza akasema ni beringi iliyochakaa ndani ya ile gia boksi ndogo ya katikati, na kwamba inaweza kulia miaka mingi bila kumfanya mtu kitu. Akaniona ninavyoangalia chini ya gari. "Ukitaka kuona ndani, niletee hapa tufungue pamoja. Nyumbani usiifungue." Nikamwitikia.

Ingobyi unaijua, ile machela ya kusuka yenye miti miwili inayotundikwa kwa mzee Bartolomayo. Na utaratibu wake unaujua: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mwanamume mmoja wa kubeba mgonjwa, awe amekula au hajala, na anayekosa bila sababu analipishwa pombe na kusemwa mkutanoni. Ambalo hujui ni kwamba mimi nilijitoa. Mwaka ule wa kwanza wa Kahene nilisimama mkutanoni nikasema kwamba kuanzia sasa mchango wa nyumba yangu ni gari, mgonjwa apelekwe barabarani na mimi nitamchukua. Watu walipiga makofi. Na kweli niliwachukua kadhaa, sikudanganya.

Lakini wewe unaijua Keza. Nyumba nyingi ziko chini kwenye migomba, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo hata baiskeli inasukumwa. Pembe ikilia, nilikuwa nauliza kwanza, gari linafika? Wakisema halifiki, narudi kusoma. Mama yako alikuwa ananiangalia.

"Pembe imelia."

"Huko hakufiki gari."

"Kwani wewe ni gari?"

Kwa kuwa katika nyumba hii mwenye kuuliza ni mimi, nilikasirika. Msimu wa mvua mama yake mzee Bartolomayo alizidiwa. Nilikuwa nimelala chali chini ya Kahene nikitazama tone la oili linavyojikusanya kabla ya kudondoka. Walipita naye kwenye njia ya juu, na kutoka pale chini niliona miguu yao tu, mitupu, imejaa tope, ikipita mmoja baada ya mwingine. Nilisubiri iishe. Naiona aibu hiyo hata sasa ninapoiandika, na ni mara ya kwanza kumwambia mtu.

Likizo ya mwezi wa sita ulipelekwa Kabanga kwa bibi mzaa mama. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mimi shule imefungwa, Kahene analia, daftari liko wazi, na siku zote mbele yangu hazina kazi. Nikamwambia mama yako nataka kumfungua. Akasema, "Subiri nijifungue." Nikamwambia kesho kutwa atakuwa ameshafungwa. Editha, niliamini kabisa. Sikuwa namdanganya yeye, nilikuwa nimejidanganya mimi kwanza.

Nikwambie kweli yote. Jumamosi ile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Niliishusha gia boksi ndogo kwa jeki na mawe, nikaibeba mpaka kwenye gunia chini ya upenu. Kila chuma nilikiwekea namba ya chaki na kukichora. Ndani mlikuwa safi, meno yanang'aa kwa oili, ukizungusha gia hii kwa kidole ile nyingine inaitika. Nikaona kwa macho yangu namna kifimbo kinavyosogeza kitu upande na nguvu zinavyokwenda mbele. Nilimwita mama yako aje aone. Alikuja ameshika kiuno, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akasema, "Pazuri. Sasa rudisha."

Nilivuta ufito mmoja wa ndani. Sikujua kwamba pembeni yake kuna kigololi cha chuma kimekandamizwa na springi. Springi iliruka ikanigonga shavuni, kigololi kikaenda migombani. Kidogo, kama njegere. Na bila hicho gia haikai mahali pake, inachomoka. Tulitafuta mpaka jioni. Jumapili baada ya misa nilichukua chekecheke ya unga nikaanza kuchekecha udongo wa migombani. Majirani waliuliza tunapanda nini. Mama yako aliuliza unga wa jioni atauchekecha na nini, lakini alikuja akakaa kwenye kigoda akanisaidia kuangalia, na tumbo lile. Hatukukiona.

Jumatatu alfajiri uchungu ulimshika. Skolastika mkunga alikuja, akampapasa, akatoka nje akanawa mikono bila haraka, na kutokuwa na haraka kwake ndiko kulikonitia hofu. "Mtoto amelala ubavu. Huyu si wa kuzaliwa nyumbani. Hospitali, sasa hivi." Kwa Kahene, mpaka hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa moja. Kahene alikuwa juu ya gunia, ana namba za chaki.

Nilikimbia kwa mzee Bartolomayo. Alikuwa ananoa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Una nini?"

"Mke wangu. Mtoto amekaa vibaya. Naomba ingobyi."

Aliendelea kunoa. "Gari liko wapi?"

"Nimelifungua."

"Lote?"

"Sehemu yake."

"Basi kalifunge."

Nilipiga magoti. Kisha nikaona ameweka jembe chini, ameingia ndani, na nikasikia pembe. Aliipiga yeye mwenyewe, ndefu, mara tatu. Na hapo, mwanangu, nikajifunza kungoja ni kitu gani. Wanaume wengi wakati huo walikuwa na vibarua kambini na walikuwa wameshaondoka. Waliobaki walitoka mashambani mmoja mmoja. Jua lilikuwa limepanda kabla hawajatosha kupokezana. Kila aliyefika alimsalimu Skolastika, akamsalimu mzee. Mimi walinipa mkono bila kuniangalia.

Walipomlaza mama yako na kufunga kamba, nilikwenda kuweka bega langu mbele kushoto. Mzee Bartolomayo alinishika mkono akauondoa kwenye mti. Alifanya taratibu, hakunisukuma. "Wewe chukua nguo za mama," akasema. Nikabeba furushi la kanga na chupa ya chai, nikafuata nyuma.

Saa nne nzima nilitembea nyuma yao. Nilikuwa naogopa, na bado macho yangu yalikuwa yanauliza, sijui kuyafumba. Niliona jinsi wanavyopokezana bila kusimama: anayekuja anaingiza bega chini ya mti, anayetoka anainama, na mgonjwa hasikii kitu. Wa mbele anasema shimo, anasema jiwe, anasema mzizi, kwa sauti ya chini. Mlimani walimpeleka kichwa mbele, na tulipovuka kilele walimgeuza ili wateremke miguu ikitangulia, kichwa kisiwe chini. Hakuna aliyetoa amri. Njia ile nilikuwa nimeipita kwa gari miaka miwili na sikujua kwamba ina chemchemi mbili. Mama yako aliita jina langu mara moja tu, na nilipokimbia mbele alitaka maji, akanywa, akafumba macho.

Walimpasua mara tulipofika. Yeye alipona, na ninamshukuru Mungu kila siku kwa hilo, hata siku ambazo ananisema. Wewe tulikwambia mtoto alizaliwa ameshakufa. Si kweli. Alizaliwa hai, amechoka sana, akaishi mpaka jua lilipokaribia kuzama. Uongo ule niliutunga mimi, njiani nikija Kabanga kukuchukua. Nilijua ukisikia kwamba aliishi utauliza kwa nini basi alikufa. Umenirithi hapo, na niliogopa swali lako kuliko la mtu yeyote.

Nilimuuliza daktari kama tungefika mapema ingekuwaje. Alinitazama, akavua kofia yake ya kitambaa, akasema, "Labda." Nimekaa na neno hilo miaka yote hii. Gari ningelifungua nikaona lilipoharibikia. Neno labda halifunguki, na nimelijaribu kila upande. Kuna siku najiambia hata saa moja isingemsaidia, na kuna siku sijiambii hivyo.

Kahene nilimfunga baada ya majuma matatu. Nilimpelekea Silveri vyuma ndani ya ndoo nikamweleza yote. Hakusema, "Nilikukataza." Aliuliza, "Mama yuko salama?" kisha akapekua kopo lake la gololi za baiskeli, akazipima moja moja kwenye tundu mpaka akapata inayolingana. Ndiyo iliyomo mpaka leo, ukiweka gia inakaa vizuri kabisa. Mlio haukuisha, utaendelea kuusikia.

Kuhusu ingobyi, nilirudi mkutanoni. Mzee Bartolomayo aliniacha nikae nyuma mikutano mitatu bila kuitwa jina. Wa nne nikaleta pombe, wakanywa, hawakusema ndiyo wala hapana. Kisha pembe ikalia kwa ajili ya mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito, nikaenda, na safari hiyo hakuna aliyeuondoa mkono wangu. Kwa kuwa mimi ni mfupi, mti ulielea juu ya bega langu, mzee akasuka ngata ya majani ya mgomba akaniwekea begani mpaka nikalingana na wenzangu. Bega lilivimba juma zima. Nililitazama kwenye kioo kama bwana harusi anayejitazama.

Mama yako hajawahi kunitupia jambo hili usoni. Hata tukigombana, hata siku nilipomvunjia redio yake nikitafuta sauti inapotokea. Mwaka juzi nilishindwa kuvumilia nikamuuliza kwa nini hanisemi. Akanijibu, "Ungefanya nini nalo?" Bado nalifikiria jibu hilo.

Sikuandikii haya ili usimfungue Kahene. Mfungue, kuna mambo mengi humo sijayaona, na mikono yako ni mepesi kuliko yangu. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kuwa muuguzi kwenye zahanati ya Kaniha, isiyo na gari lingine ila hili, na baada ya mwezi watu watakuwa wanakusifu. Mimi najua makofi yale yalinifanya nini. Kahene ataharibika siku moja, na wala hatachagua siku nzuri.

Tena kuna mambo nataka kuyajua, uniandikie. Huko mgonjwa anabebwaje? Mmoja ameniambia ni kwa baiskeli, mwingine kwa mkokoteni wa ng'ombe. Na nani anawaita watu, kwa pembe au kwa filimbi? Wanawake nao wanabeba? Mgeni anaruhusiwa kuandikisha jina lake, au mpaka azaliwe huko? Ukiuliza, watakushangaa wewe mwenye gari unauliza nini. Waambie umetumwa na baba yako, na baba yako ana ugonjwa.

Nilipofika hapa mama yako ametoka jikoni, nikampa asome. Amesoma akiwa amesimama, ukurasa mmoja ameurudia. Nilidhani atanikosoa kuhusu chekecheke. Amesema, "Umeandika mtoto, mtoto, mwanzo mpaka mwisho. Mwandikie Editha mdogo wake anaitwa nani."

Anaitwa Leokadia. Sista alimbatiza kwa maji ya kikombe, na mama yako, aliyekuwa hawezi hata kuinua kichwa, ndiye aliyelitamka jina. Mimi nilimshika alasiri yote. Anasema nikwambie alikuwa na masikio yako, na kwamba alifungua macho. Tumemzika makaburi ya misheni, na kesho njia yako inapita pale. Mama yako ameshavua aproni, anatafuta viatu vyake vya kanisani. Anasema tutampanda Kahene wote watatu mpaka hapo, akuonyeshe.

Baba yako.